Mbwa wa ghala akishika mimba

Anayefuga mbwa jike wa kulinda ghala au ua jirani na Bandari ya Bujumbura, mbwa huyo akishika mimba, huuliza kwanza amtandikie wapi. Ni swali la haki, ila limechelewa. Mimba ya mbwa huchukua siku 63 hivi, na chanjo ya kichaa cha mbwa ni vyema mama awe ameipata kabla hajapandwa. Kinga yake huwafikia watoto hasa kwa dang'a wanayonyonya katika saa 24 za mwanzo. Asiyechanjwa hana cha kuwarithisha, nao hukaa miezi yao ya kwanza bila ngao, wakati ambao kila mtoto wa mtaa anataka kuwapakata. Shirika la Afya Duniani linasema hadi asilimia 99 ya maambukizi ya ugonjwa huo kwa binadamu hutoka kwa mbwa, na kwamba wakichanjwa asilimia 70 ya mbwa wa eneo, ugonjwa hukosa njia ya kuenea. Kinachoibomoa hesabu hiyo kimyakimya ni uzazi: kampeni ya chanjo ikishapita, kila uzao mpya unaishusha asilimia. Ndiyo maana nasema kuzaa kwa mbwa nyuma ya ghala si siri ya mwenye ghala peke yake.

Wapo wanaosema mbwa wamezaa wenyewe tangu dunia iumbwe. Kweli, lakini mbwa huru huchagua shimo kavu. Aliyefungwa mnyororo huzaa pale alipofungwa. Hapa ufukweni mwa Tanganyika, ambako mwaka 2024 maji ya ziwa yalipanda hadi kuingia bandarini, sakafu si mahali pa kuaminika. Kreti pana iliyoinuliwa juu ya matofali, yenye magunia makavu, yatosha. Vijibwa hawawezi kujipasha joto wiki mbili za mwanzo, na saruji yenye unyevu huwaua hata katika mji wa joto kama huu. Mama akisukuma kwa nguvu nusu saa bila mtoto kutoka, aitwe daktari wa mifugo, wala si jirani mwenye mikono mizuri. Kuna minyoo pia: huwaingia watoto wakiwa bado tumboni na huweza kumwambukiza binadamu, kwa hiyo dawa huanza wakiwa na wiki mbili.

Pingamizi la unajisi, ambalo katika mtaa wa Buyenzi wenye Waislamu wengi mtu hulisikia mapema, lina uzito wake. Hata hivyo mafundisho hayohayo ya Uislamu yanamruhusu mbwa wa ulinzi, na twahara haimtaki mtu atupe vijibwa jalalani. Pingamizi la gharama ni dhaifu zaidi. Mtu akiumwa na mbwa anayeshukiwa huhitaji sindano kadhaa kwa siku zilizopangwa, na jeraha baya huongezewa dawa nyingine ya kinga. Mbwa huhitaji sindano moja, kisha marudio.

Asiye na watu wa kuwachukua watoto amfunge mama kizazi mapema. Aliye nao awaandike majina kabla ya siku ya kuzaa, asimtoe mtoto kabla ya wiki ya nane, na amwambie kila mchukuaji tarehe ya chanjo mtoto atakapotimiza miezi mitatu. Kampeni ikipita kabla ya hapo, watoto nao wapelekwe.