Homa isiyosikia dawa hospitalini: tusiisahau kuvu

UKISIKIA neno kuvu huenda unafikiria mkate uliokaa siku nyingi kabatini, au mapunye kichwani mwa mtoto. Wachache hudhani kwamba kuvu inaweza kuingia ndani ya damu na kuua. Lakini hutokea, na hutokea zaidi hospitalini, mahali ambapo mtu alikwenda kutafuta nafuu.

Kuvu aina ya Candida huishi mdomoni, tumboni na kwenye ngozi zetu bila madhara. Taabu huanza mgonjwa anapopewa antibiotiki kwa muda mrefu. Dawa hizo huua bakteria wabaya na wazuri pia, nayo kuvu ikabaki bila wa kuizuia. Upasuaji wa tumbo, au mpira wa dripu ulioachwa siku nyingi katika mshipa mkubwa, huifungulia njia ya kuingia katika damu. Watoto njiti na wagonjwa mahututi ndio walio hatarini zaidi.

Jambo hili si la nchi za mbali. Katika hospitali moja jijini Nairobi, wagonjwa 201 walipatikana na Candida katika damu kati ya Septemba 2010 na Desemba 2016. Karibu wanne kati ya kila 10 walikuwa na Candida auris, aina iliyotambuliwa Japani mwaka 2009. Flukonazoli, dawa ya kuvu iliyozoeleka, mara nyingi haiiwezi. Aidha, hukaa siku nyingi kwenye vyuma vya kitanda na vifaa vya wodi. Mwaka 2022 Shirika la Afya Duniani liliiweka katika kundi la kuvu zilizo hatari zaidi.

Kwa maoni yangu, kosa letu kubwa ni kubahatisha. Homa ya mgonjwa aliyelazwa isiposhuka, antibiotiki moja huondolewa na nyingine kali zaidi kuletwa, bila damu kupelekwa maabara ili vijidudu vioteshwe na kutambuliwa. Kipimo hicho huchukua siku kadhaa na wakati mwingine hukosa kuiona kuvu, lakini bila hicho daktari anapapasa gizani.

Wapo watakaosema ni ghali. Nami nawauliza: siku 20 zaidi katika chumba cha wagonjwa mahututi zinagharimu kiasi gani? Na mazishi je? Serikali za kaunti, ambazo zimesimamia hospitali nyingi tangu 2013, zinapaswa kununua vifaa vya maabara kabla ya kuzindua majengo mapya. Nao wahudumu wajiulize kila siku: je, mpira huu bado unahitajika?

Wewe nawe una wajibu. Nawa mikono kabla ya kumgusa mgonjwa na baada ya kumgusa. Usiketi kitandani pake. Usimshurutishe daktari akuandikie antibiotiki kwa kila mafua. Na jamaa yako akizidiwa na homa wodini, uliza kwa heshima: “Daktari, damu yake imepelekwa kuoteshwa?”

Kuuliza si ujinga, wala si kumdharau daktari. Wahenga walisema, usipoziba ufa utajenga ukuta. Ufa huu tayari tumeuona.