Mchague Mwuzaji Kabla ya Kuichagua Trekta

Trekta hununuliwa mara moja, lakini vipuri vyake na kazi ya fundi wake hununuliwa kila msimu. Neno hili si geni, na kila mkulima akiambiwa hulikubali. Hata hivyo tukifika mahali pa kununua, wengi wetu twalisahau. Twatazama rangi, twauliza nguvu za farasi, twauliza bei, twapanda kitini na kushika usukani, kisha twatafuta kalamu ya kutia sahihi. Yule mwuzaji, ambaye tutamhitaji kwa miaka kumi na zaidi, hatumwulizi lo lote juu ya kazi yake.

Maoni yangu ni kwamba mkulima wa skimu amchague mwuzaji kwanza, na trekta baadaye. Tena mwuzaji huyo apimwe kwa karakana yake na kwa rafu zake za vipuri, wala si kwa uzuri wa chumba anachowekea trekta mpya.

KWA NINI JAMBO HILI LATUHUSU SISI

Mwenye shamba la maelfu ya ekari huwa na trekta kadhaa. Moja ikilala, nyingine huendelea na kazi. Sisi hatuko hivyo. Mpango wa Ekari Milioni, ulioanza mwaka 1962, uliyagawa mashamba makubwa ya walowezi kuwa vipande vya wakulima wadogo, na vipande hivyo vimezidi kugawanywa kati ya watoto na wajukuu. Wengi wetu tuna ekari ambazo trekta ya nguvu za farasi 75 huzimaliza kwa siku moja tu. Kwa hivi trekta katika skimu mara nyingi ni mali ya kikundi au chama cha ushirika, au ni ya mtu mmoja ambaye huwalimia jirani zake kwa malipo. Trekta hiyo ikisimama, kijiji kizima husimama.

Tufanye hesabu ndogo. Tuseme trekta yenu hulima ekari 6 kwa siku. Imeharibika wiki ile mvua za masika zinapoanza, na kipuri chake kimechukua siku 10 kufika. Ekari 60 hazikulimwa. Ikiwa kila mwanachama ana ekari 5, basi jamaa 12 wamekaa na mbegu ndani ya nyumba huku mvua inanyesha. Mvua haimngoji mtu, na mahindi yanayochelewa kupandwa hupunguza mavuno. Lakini mkopo haupungui. Tarehe ya kulipa ikifika, mkopeshaji hataki kujua kwamba kipuri kilikuwa hakijawasili.

Hapo ndipo penye hatari kubwa. Wako watu walioweka hati za mashamba yao rehani ili wapate fedha za trekta. Wahenga walisema: Kukopa arusi, kulipa matanga. Sili ya mpira isiyojaa kiganja cha mkono, ikikosekana wakati wa kazi, yaweza kukitia hatarini kipande cha ardhi ambacho mzazi alikilipia kwa miaka mingi. Katika kazi yangu ya ukarani nimepata kusoma barua ya kikundi ambacho trekta yao, ikiwa haijatimiza miaka miwili, ilikaa shambani majuma matatu kwa ajili ya bomba moja la haidroliki. Mwuzaji alikuwa na trekta nyingine sita za kuuza mlangoni pake, lakini bomba hilo hakuwa nalo.

MAMBO YALIYOKWISHA TOKEA

Tusidhani kwamba makosa haya ni ya watu wadogo peke yao. Mwaka 1947 Serikali ya Uingereza ilianza mpango mkubwa wa kulima karanga katika Tanganyika, na kazi ikaanzia Kongwa. Fedha zilikuwapo, na wataalamu pia walikuwapo. Trekta nyingi zilizoletwa zilikuwa kuukuu, masalio ya vita, nyingine zikitoka mbali kama Visiwa vya Ufilipino. Zilipokutana na vichaka vyenye mizizi migumu na udongo unaokauka kama saruji, zikaanza kuvunjika moja baada ya nyingine. Vipuri vilikuwa haba, na karakana haikuweza kuzitengeneza upesi kama zilivyokuwa zikivunjika. Mpango huo ulikuwa na makosa mengine pia, ya mvua na ya udongo, na mnamo Januari 1951 ukaachwa baada ya kula zaidi ya pauni milioni 30. Lakini fundisho kwa mnunuzi wa trekta liko wazi: wakubwa wale walihesabu ekari kabla ya kuhesabu vipuri.

Mfano wa pili uko karibu nasi zaidi. Kampuni ya CMC Motors ilianzishwa mwaka 1948, na kwa miaka mingi jina lake lilijulikana kwa kila mkulima aliyefika barabara ya Lusaka, Nairobi. Ndiyo iliyouza trekta za New Holland. Lakini Januari 2025 kampuni hiyo ilitangaza kwamba inafunga kazi zake Kenya, Uganda na Tanzania. Sitoi habari hii ili kuilaumu, kwa maana biashara huanza na biashara hufungwa. Naitoa ili tuone kwamba jina la zamani peke yake si dhamana. Siku tangazo kama lile linapotoka, mkulima hupaswa kuuliza: Ni nani sasa atakayeniletea vipuri? Ni nani atakayeisimamia dhamana yangu? Heri maswali hayo yaulizwe kabla ya fedha kutoka mfukoni.

USINUNUE KWENYE MAONYESHO

Kila mwaka watu wengi wa skimu hufika Nairobi kwa maonyesho ya kilimo pale Jamhuri Park, kando ya barabara ya Ngong, ng'ambo ya Kilimani. Ni vyema kwenda. Huko mtu huona trekta za kila namna zimepangwa mahali pamoja, na aweza kuzilinganisha kwa siku moja bila kuzunguka mji. Lakini maonyesho ni mahali pa kutazama tu. Trekta zote huko zimeoshwa, na wauzaji wote wana maneno matamu. Chukua karatasi zao za bei, uwashukuru, urudi nyumbani.

Ukitaka kununua, rudi siku ya kazi ya kawaida, uende kwenye duka lao lenyewe. Pita chumba cha trekta mpya, uende moja kwa moja kwenye kaunta ya vipuri. Simama hapo muda wa saa moja. Sikiliza wateja wanajibiwaje. Ukisikia mara kwa mara, "Tumeagiza, rudi juma lijalo," umekwisha kujifunza jambo ambalo karatasi ya bei haikukuambia. Kisha omba kuiona karakana. Kama trekta zilizomo zina vumbi jingi na nyasi zimeota magurudumuni, uliza zimekaa hapo tangu lini.

MASWALI YA KUULIZA

Nilisomea ualimu, na mwalimu hupenda maswali yaliyoandikwa. Haya matano yaandikeni kwenye daftari la kikundi, na kila mwuzaji aulizwe yale yale, ili majibu yalinganishwe.

La kwanza: Fundi wenu aliye karibu na skimu yetu yuko mji gani, na akiitwa atafika kwa siku ngapi? Mwuzaji aliye na tawi Nakuru au Eldoret aweza kumfaa mtu wa huko kuliko mwenye jumba kubwa Nairobi. Uliza pia gharama ya safari ya fundi italipwa na nani.

La pili: Vipuri hivi mnavyo leo? Taja filta za mafuta na za hewa, mkanda wa feni, sahani ya klachi, pampu ya maji, sili na mabomba ya haidroliki. Hivi ndivyo vitu vinavyochakaa kwa kazi ya kila siku. Omba uonyeshwe kwa macho, na uandikiwe bei zake.

La tatu: Dhamana yashika vitu gani, kwa muda gani au saa ngapi za kazi, na ni jambo gani litakaloivunja? Huduma ya kwanza ya trekta mpya huja mapema, mara nyingi baada ya saa 50 za kazi. Katika wakati wa kulima, saa hizo huisha kwa muda wa juma moja tu. Mkulima asiyejua hilo aweza kuipoteza dhamana kabla hata ya kumaliza shamba la kwanza.

La nne: Mtamfundisha dereva wetu? Tena wafundishwe wawili, kwa kuwa mmoja aweza kuugua au kuhama. Dereva asiyepima mafuta asubuhi huiua trekta iliyo nzuri kuliko zote.

La tano: Nipeni majina ya wakulima watatu katika wilaya yetu waliouziwa trekta na ninyi miaka mitatu iliyopita. Hao ndio wa kuwasikiliza. Mwenye trekta ya mwezi mmoja husifu tu. Mwenye trekta ya miaka mitatu ameonja msimu mbaya na mzuri.

MAJIBU KWA WANAOPINGA

Wako watakaosema kwamba mkulima mdogo hana fedha, kwa hivi bei ndiyo neno la kwanza. Nawaelewa. Lakini yafaa bei ihesabiwe yote. Chukua bei ya trekta, ongeza huduma na vipuri vya miaka mitano, ongeza na siku ambazo huenda ikasimama. Mara nyingi utaona kwamba ile iliyokuwa rahisi imekuwa ghali. Asiyeweza kulipa hesabu hiyo yote asinunue peke yake. Ajiunge na wenzake, au aendelee kukodi. Kukodi si aibu. Aliyekodi trekta ikavunjika hutafuta nyingine kesho yake.

Wengine watasema kwamba vipuri vyapatikana po pote, hata barabara ya Kirinyaga, ambayo wazee bado huiita Grogan. Ni kweli, na mafundi wenye akili wako huko pia. Katika neno hili wana haki kwa upande mmoja: trekta ambayo jirani zako wanayo kwa wingi, na ambayo kila fundi wa soko lenu anaijua, ni nusu ya huduma tayari. Ndiyo sababu Massey Ferguson 135, iliyoanza kuuzwa katika miaka ya 1960, nyingine bado zinalima mpaka leo. Lakini kwa trekta mpya iliyo chini ya dhamana, kutia kipuri kisichojulikana kimetoka wapi kwaweza kumpa mwuzaji njia ya kuikana dhamana yake. Hapo hapana budi kununua kwa wakala mwenyewe na kutunza risiti.

ANDIKENI KILA KITU

Ahadi ya mdomo haina nguvu wakati fundi hajafika. Kila jambo mliloahidiwa liandikwe katika mapatano ya kununua: siku ngapi mpaka fundi afike, vipuri gani vitakuwapo daima, huduma ngapi zitakuwa za bure. Kama mwuzaji akisema, "Sisi hatuandiki hayo, lakini msihofu," basi hofu ianze hapo. Katiba ya Kenya ya mwaka 2010, kifungu cha 46, yampa mnunuzi haki ya kupata bidhaa na huduma za ubora unaostahili, pamoja na habari zinazomwezesha kuzitumia vyema. Lakini haki isiyokuwa na karatasi ni taabu kuidai.

Tena kikundi kiwe na daftari la trekta. Andikeni saa za kazi, siku ya kubadili mafuta, kipuri kilichonunuliwa na bei yake, na jina la fundi aliyekitia. Mali bila daftari huisha bila habari. Daftari hilo litawasaidia kuidai dhamana, na siku mtakapotaka kuiuza trekta litaongeza thamani yake.

Mwisho, wakati mzuri wa kufanya kazi hii yote ni sasa, shamba likiwa halidai plau. Chagueni watu watatu katika kikundi: mmoja ajuaye mitambo, mmoja ajuaye hesabu, na mmoja asiyeona haya kuuliza. Wapeni nauli na yale maswali matano, wakawatembelee wauzaji watatu. Nauli hiyo ni ndogo kuliko bei ya tairi moja. Nao warudipo, wasiulizwe trekta ipi ni nzuri. Waulizwe ni mwuzaji yupi atakayekuja siku ile mvua imeanza na trekta imekataa kuwaka.