Kasoro Zenye Kazi Ndani ya Chuma

Katika nyanda za Iramba, mkoani Singida, ardhi ingali imehifadhi mavi ya chuma yaliyoachwa na wahunzi wa kale. Mwanafunzi anayesoma karibu na mabaki hayo huchorewa ubaoni fuwele ambayo atomi zake zimejipanga kama askari wa gwaride, naye huamini kwamba hivyo ndivyo chuma kilivyo. Sivyo. Katika chuma halisi safu za atomi zimekatika hapa na pale. Mikatiko hiyo ikiteleza, chuma hupinda. Nyundo ikiizidisha katika chuma kilichopoa, huzuiana, na chuma hukazika.

Wako watakaosema kwamba jambo hili ni la chuo kikuu. Hoja hiyo ni dhaifu, kwani mafunzo yanayoficha kasoro humnyima kijana ufunguo wa uvumbuzi wa leo.

Mwaka 2008, Hideo Hosono na wenzake nchini Japani walitangaza mchanganyiko wa chuma na aseniki, wenye elementi nyingine kadhaa, unaopitisha umeme bila ukinzani wowote ukipozwa hadi nyuzi 247 za Selsiasi chini ya sifuri. Wataalamu walistaajabu, maana usumaku wa chuma ulidhaniwa kuwa adui wa hali hiyo. Lakini kuna tatizo. Uga wa sumaku ukiwa mkubwa hupenya ndani ya kitu hicho kwa mfano wa nyuzi nyembamba. Umeme unapopita huzisukuma, na zikisogea ukinzani hurudi. Kinachozizuia ni kasoro za fuwele, ambazo huzishika kama vigingi vishikavyo kamba za mbuzi. Ndiyo sababu watafiti huzipiga fuwele hizo kwa mnururisho wa chembe ili kuzitia kasoro makusudi, nazo zikaweza kubeba mkondo mkubwa zaidi.

Hata hivyo si kila kasoro hufaa. Katika mchanganyiko wa chuma na seleniamu, atomi 3 tu za chuma zilizozidi katika kila 100 zatosha kuiua kabisa sifa hiyo.

Mwalimu asiye na maabara aweza kuanza na waya wa kufungia nondo. Wanafunzi waupinde na kuunyosha mara kadhaa mahali pamoja, wausikie unavyokuwa mgumu kabla haujakatika. Kipande kingine kilichopindwa vivyo hivyo kitiwe katika makaa mekundu, kiachwe kipoe polepole, kisha kipindwe tena. Ndipo mwalimu aulize ni nini kilichoondoka motoni, ilhali uzito wa waya ni karibu uleule.