Nasaba Haiko Maskati Peke Yake

Wapo ndugu zetu wa Visiwani, wakazi wa Segerea, wanaojinyima kwa miaka ili wapate nauli ya kwenda Maskati kutafuta nasaba zao. Hatuwalaumu. Kuunga jamaa ni wajibu, na tangu Mapinduzi ya 1964 koo nyingi zimegawanyika pande mbili za bahari. Lakini tunauliza: shajara ya huko, iliyopangwa kwa majina ya mababa, itawaambia nini juu ya bibi aliyetoka Unyamwezi au Nyasa? Jina lake, kama liliandikwa popote, huenda limo Kilimani, Unguja, katika Nyaraka za Taifa, zilikohifadhiwa kumbukumbu za watumwa walioachwa huru baada ya amri ya 1897. Waanzie huko kabla ya kukata tiketi.

Nanyi watendaji wa Serikali, mwananchi anayeomba kuona daftari la zamani asidhaniwe kuwa amekuja kudai shamba. Ardhi ilitaifishwa 1964. Yeye anataka jina la bibi yake tu. Na madaftari ya ndoa yaliyobaki kwa makadhi yapelekwe Kilimani kabla mchwa hawajayafikia.