Mshale Hufia Shingoni, Siyo Kwenye Ufito

Mwezi huu nimeulizwa swali moja na watu watatu wasiofahamiana: kijana wa sungusungu, mfanyabiashara wa gulioni na fundi baiskeli. Wote wanataka kujua kama mishale ya kaboni ni imara kuliko ya kwetu, na kama inafaa kuchangishana hela kuiagiza. Jibu langu ni kwamba ufito siyo tatizo lenu. Tatizo lenu liko kwenye shingo, pale chembe inapoingia kwenye ufito. Usipoitengeneza shingo, hata ufito wa kaboni utapasuka na hela yako itakuwa imekwenda.

Angalia mshale unapogonga kitu kigumu. Chembe inasimama ghafla, lakini ufito ulio nyuma yake bado una mwendo na unaendelea kusukuma. Nguvu yote hiyo inakutana kwenye sehemu ndogo isiyozidi urefu wa kidole gumba. Hapo mkia wa chembe unarudi ndani kama kabari na kuupasua ufito, au chembe inayumba pembeni na mti unakatika nyuma yake tu. Pekua mishale mibovu iliyotupwa nyuma ya nyumba. Iliyokatika katikati ni michache, na mingi ya hiyo ilikanyagwa na mtu au ng'ombe.

Kaboni nayo haina uchawi. Mshale wa namna hiyo ni bomba jembamba la nyuzi za kaboni zilizogandishwa kwa gundi ngumu, na tundu lake mara nyingi ni la milimita 6 hivi. Nyuzi nyingi zimelala kwa urefu, kwa hiyo bomba lina nguvu sana kwa urefu, lakini ukilipiga mdomoni hupasuka kama tete. Ndiyo maana huko Ulaya na Marekani wanaolenga kwa pinde za asili hawabishani sana juu ya bomba, wanabishana juu ya kizibo kinachotiwa ndani yake ili chembe ikamate. Kizibo kifupi cha kiwandani hawakiamini. Wanachonga kirefu zaidi cha alumini, shaba ya manjano au chuma cha pua, wanakigandisha kwa gundi ya mirija miwili, kisha nje wanavisha pete ili mdomo usifunguke. Kwa maneno mengine, wanajaza ndani na kufunga nje, na mtengenezaji wa mishale wa kwetu aliyeijua kazi yake hilo alilijua bila kuona bomba la kaboni.

Na neno kaboni lisitutishe. Ng'ambo ya ziwa, Buhaya, wahunzi walikuwa wakiyeyusha chuma chenye kaboni ndani yake, yaani chuma cha pua, zaidi ya miaka 1,500 iliyopita. Watafiti Peter Schmidt na Donald Avery waliandika habari hiyo mwaka 1978. Majembe ya Uzinza nayo yalisafiri hadi Usukuma na Unyamwezi, na yalitumika hata kulipia mahari. Ukanda huu wetu haukuwa mgeni wa chuma. Ukipita Kisesa, ingia makumbusho ya Bujora uone sehemu ya mhunzi.

Shingo haitengenezwi kwa namna moja kila mahali, inategemea kazi ya mshale. Wakamba wa Kenya walikuwa na mshale ambao chembe yake hukaa kwenye kijiti kifupi, na kijiti hicho huchomekwa kwenye ufito ili mnyama akikimbia ufito udondoke na chembe ibaki. Shingo ile imekusudiwa kuachana. Wahadzabe wa Ziwa Eyasi hufua chembe kutokana na misumari na kuifunga kwa kano. Mshale wa lindo hapa kwetu hautakiwi kuachana kabisa. Chembe ikibaki kwenye majani, wa kwanza kuipata ni ng'ombe wako au mtoto anayekwenda kisimani bila viatu. Kwangu mimi hiyo ndiyo sababu kubwa ya kuandika makala hii, kuliko habari ya kulenga vizuri.

Sasa kazi yenyewe. Ufito uwe mkavu kabisa, uliokaa kivulini wiki kadhaa na siyo juani, maana jua kali huupasua kabla hujauanza. Kama ni tete au mti wenye moyo laini, usichomeke chuma moja kwa moja. Chonga kijiti cha mti mgumu kinachoingia kwa kubana kidogo, urefu wa vidole vinne, kipake gundi, kisukume ndani taratibu. Hicho ndicho kizibo chako. Kiache kikauke hadi kesho yake.

Kisha funga nje kabla ya kuingiza chembe. Hapa ndipo nagombana na mafundi wengi. Wao wanagongelea chembe kwanza, ndipo wanafunga uzi juu. Mti ukiwa umeshapata ufa wakati wa kugonga, uzi unauficha tu ufa huo, na mteja anaondoka akidhani amenunua kitu kizima. Ukifunga kwanza, mti unakuwa umeshikwa unapopokea chuma. Toboa tundu kwa spoku ya baiskeli iliyopashwa moto, na ulinyooshe katikati ya kizibo, kwa sababu tundu likienda upande mshale nao utakwenda upande. Tundu liwe jembamba kidogo kuliko mkia wa chembe. Sukuma chembe kwa mkono huku ukizungusha. Ikikataa, ongeza tundu, usichukue nyundo.

Juu ya cha kufungia, pwani ya ziwa tumebarikiwa. Uzi wa nailoni wa kushonea nyavu ni imara, ni wa bei ndogo na hauozi. Ila nailoni haijikazi yenyewe, kwa hiyo uvute kwa nguvu kila mzunguko, mizunguko igusane, kisha upake gundi juu. Kano ya ng'ombe ina tabia nyingine: unailoweka, unaifunga ikiwa mbichi, na ikikauka inasinyaa na kubana yenyewe. Kiangazi sioni cha kuishinda. Masika yakianza inanyonya maji na kulegea, basi ipake nta ya nyuki. (Wapo watakaonikumbusha kwamba bondo la samaki hutoa gundi nzuri, na ni kweli, mafundi wa pinde wa zamani huko Asia waliitumia. Lakini kwa bei ya bondo la sangara siku hizi, atakayelichemsha kwa ajili ya mshale nitaomba kuonana na familia yake.)

Neno moja juu ya uzito. Kijana mmoja aliniambia ataweka bolti zima mbele ili mshale "upige kama jiwe". Uzito wa mbele unasaidia kiasi, lakini ufito mwembamba ukibeba kichwa kizito hupinda zaidi upote unapousukuma, na mshale unaondoka ukiyumba. Ukiongeza uzito mbele, tumia ufito mnene zaidi au uupunguze urefu. Kwa wenye kaboni ni hivyo hivyo, na kabla ya kila kurusha uukunje kidogo kwa mikono na kusikiliza. Ukisikia mlio wa kukwaruza au ukaona nyufa mdomoni, utupe. Bomba la kaboni likipasuka wakati upote umeachiwa, vibanzi vyake huingia kwenye mkono unaoshika upinde, na kuvitoa ni shughuli ya hospitali.

Wafanyabiashara, ninyi nawalaumu waziwazi. Chembe nyingi nizionazo magulioni zina mkia mfupi kama jino, kwa sababu mkia mfupi unaokoa chuma. Mwambieni mhunzi arefushe mkia ufikie upana wa vidole vitatu na auache na mikwaruzo badala ya kuulainisha, ili gundi ishike. Bei itapanda kidogo. Mteja atakayenuna leo atarudi mwakani.

Na mipini ya majembe ina ugonjwa huo huo. Jembe lenye mkia unaopigiliwa kwenye kirungu cha mpini huharibika palepale, mdomoni. Mti mbichi ukikauka husinyaa kwa unene, wala siyo kwa urefu, kwa hiyo tundu lililobana siku ya soko linalegea baada ya wiki chache, na mkulima anagundua hivyo mvua ya kwanza ikiwa tayari imenyesha. Mipini ikatwe Juni au Julai, ikae kivulini hadi Oktoba, ndipo ipelekwe sokoni. Anayeuza mpini unaotoa maji anamuuzia mwenzake siku mbili za kulima zilizopotea.

Kuhusu sheria, sungusungu walioanza maeneo ya Kahama na Nzega mwanzoni mwa miaka ya 1980 wametambuliwa tangu Bunge liliporekebisha sheria ya mgambo mwaka 1989. Mshale wa lindo hauwi kibali cha kuwinda. Sheria ya wanyamapori ya mwaka 2009 inataka kibali, na fisi akisumbua mifugo, anza na ofisi ya kijiji na afisa wanyamapori. Sumu sitaizungumzia hapa na msiniulize.

Kabla mshale haujaingia kwenye podo, urushe mara kumi kwenye kichuguu kikavu kutoka hatua kumi na tano, bila mtu wala mfugo nyuma yake. Kila mara ishike chembe, izungushe, ivute. Ikicheza hata kidogo, fungua uzi uanze upya. Na mkimaliza mazoezi, hesabuni chembe mlizokuja nazo kabla ya kuondoka uwanjani.