UKURASA WA NYUMBANI: Mtoto Mwenye Hofu na Farasi

Wazazi wenzangu, juma hili nawaomba tuketi kidogo tuzungumze juu ya farasi. Msidhani nimepotea ukurasa. Mambo ya gwaride na ya mashindano yana mahali pake. Farasi ninayemtaja hapa habebi askari, bali husaidia kumtuliza mtoto aliyekulia katika nyumba ya mapigo.

Asili ya jambo hili yafaa ijulikane. Mwaka 1944 mwanamke wa Denmark, Lis Hartel, alipatwa na ugonjwa wa polio, miguu yake ikapooza chini ya magoti. Hakuweza kupanda farasi pasipo kusaidiwa; hata hivyo mwaka 1952, katika Michezo ya Olimpiki ya Helsinki, alishindana na wanaume akapata nishani ya fedha. Tangu hapo matabibu wa Ulaya wakaanza kumtazama farasi kwa jicho jingine. Mwanzo ilikuwa tiba ya viungo, baadaye ikawa tiba ya moyo pia. Mwaka 1999 kikaundwa huko Marekani chama cha Eagala, ambacho katika utaratibu wake mtoto hapandi farasi kabisa. Husimama naye ardhini, na kando yao wapo watu wawili: mtaalamu wa mambo ya nafsi na mjuzi wa farasi.

Kwa nini farasi? Hapa ndipo penye utamu wa jambo lenyewe. Farasi ni mnyama wa kuwindwa. Ijapokuwa uzito wake hufika kilo 500, usalama wake hutegemea kugundua hatari mapema. Macho yake yako ubavuni mwa kichwa, hata huona karibu pande zote, isipokuwa nyuma ya mkia na mbele kabisa ya paji la uso. Masikio yakielekea mbele, amevutiwa. Yakilala nyuma, amekasirika. Mtoto aliyezoea kumwona mama akipigwa huishi vivyo hivyo: husikiliza jinsi mlango unavyofunguliwa, hupima hatua za baba, husoma uso kabla ya salamu. Basi akiambiwa amchunguze farasi, hukuta kazi anayoijua tayari.

Hupewa burashi amsugue, au kamba amwongoze kuvuka uwanja. Akivuta kwa nguvu, farasi hukaza shingo. Akipiga kelele, hurudi nyuma. Akitulia, akashusha pumzi, akasimama penye bega ambapo mnyama aweza kumwona, yule mkubwa huanza kumfuata. Mtoto ambaye nyumbani ameona kwamba mwenye nguvu ndiye asikilizwaye, hapo huona jambo jipya kwa macho yake mwenyewe. Tena hapana anayemlazimisha kusimulia ya nyumbani. Huweza kuulizwa tu: farasi huyu anaogopa nini? Na jibu laweza lisiwe la farasi peke yake.

Sitaki kuwauzia dawa isiyopimwa. Uchunguzi mwingi uliofanywa umehusu watoto wachache wachache, na wataalamu hawajakubaliana ni nafuu kiasi gani itokayo kwa farasi na ni kiasi gani itokayo kwa mtu mzima mpole aliye kando yake. Gharama nayo si ndogo. Na mtoto arudiye jioni kwenye mapigo yale yale hatapona kwa farasi wala kwa mganga. Kwanza mapigo yakome.

Sehemu nyingi za kwetu farasi ni haba, kwa sababu ya mbung'o na maradhi. Lakini zamani nilipokuwa nikifundisha, darasani mwangu mlikuwa na mtoto wa askari. Kila nilipoinua mkono kufuta ubao, aliinua kiwiko kufunika kichwa. Hakuitika hata jina lake lilipoitwa. Shule ilikuwa na sungura, nikamkabidhi kazi ya kuwakatia majani. Yapata mwezi baadaye nilimkuta akizungumza nao. Akanieleza, pasipo kuulizwa, kwamba yule mweupe huogopa watu wenye viatu vizito.