Watoto Washushwe Garini

Miaka kadhaa iliyopita nilikuwa miongoni mwa watu wazima waliowasindikiza wanafunzi wa shule moja ya msingi kwenda kuitazama Hifadhi ya Taifa ya Serengeti. Tuliondoka Musoma alfajiri, tukapita Bunda, tukaingia kwa lango la Ndabaka na kuzunguka ndani ya basi hadi alasiri. Jua lilipozama tulikuwa tumekwisha rudi mjini. Watoto waliopata viti vya dirishani waliona nyumbu na pundamilia, na kwa mbali sana kitu chenye rangi ya nyasi ambacho dereva alisema kuwa ni simba. Waliokaa katikati, wawili wawili na watatu watatu katika kiti kimoja, waliona visogo vya wenzao.

Kesho yake mwalimu wa darasa aliwaagiza waandike insha juu ya ziara hiyo, naye kwa hisani yake alinipa daftari zote nizisome. Kwa kweli nilisoma insha moja tu, iliyoandikwa kwa mikono sitini. Tuliamka mapema. Tulipanda basi. Tulimwona simba. Simba ni mnyama mkali. Tulikula wali. Tulirudi salama. Hata wale ambao nina hakika hawakumwona simba, kwa kuwa walikuwa wamelala, walimwona simba.

Sikuwalaumu watoto wale, wala sikumlaumu mwalimu wao, ambaye alikuwa amehangaika miezi mitatu kukusanya fedha za basi. Lakini tangu siku hiyo nimekuwa nikijiuliza kama jambo hilo tuliite ziara ya mafunzo. Mtoto aliyepitishwa hifadhini ndani ya gari amejifunza nini ambacho hakukiona katika picha za kitabu chake cha sayansi? Amenusa nini? Ameshika nini? Amemuuliza nani swali, na nani alisimama kumjibu? Maoni yangu ni kwamba ziara za namna hiyo zimetosha, na kwamba wakati umefika wa kuwashusha watoto garini waupite msitu kwa miguu yao wenyewe.

Nasema haya nikiifikiria hasa Mwisenge. Shule ya Msingi Mwisenge inajulikana nchini kote kwa kuwa ndiko alikoandikishwa, mwaka 1934, mtoto Kambarage wa Chifu Nyerere Burito wa Butiama. Kutoka Butiama hadi Mwisenge ni kilometa arobaini hivi, na wakati ule hapakuwa na basi la shule. Watoto wa kizazi kile waliijua nchi yao kwa nyayo. Walijua mto upi hufurika mwezi gani, mti upi huliwa matunda yake na upi hukwepwa, na nyayo za fisi zinatofautianaje na za mbwa. Hakuna mwalimu aliyewafundisha somo hilo darasani, walilipata njiani. Mtoto wa Mwisenge wa leo, mwenye lami mlangoni na ziwa nyuma ya nyumba, anayapata wapi maarifa hayo? Yeye si mjinga kuliko babu yake, ila hakupelekwa mahali pa kuyapata.

Kuna sababu nyingine iliyo nzito zaidi, nayo ni ya mkoa wetu wa Mara peke yake. Katika vijiji vingi vya Bunda na Serengeti, neno hifadhi halisikiki nyumbani kama neno la fahari. Mtoto hulisikia pale tembo wanapokuwa wameingia shambani usiku na kumaliza mahindi ya msimu mzima, au pale mjomba anapokuwa amekamatwa na nyama ya nyumbu. Kwake hifadhi ni mpaka, askari na faini. Kisha mtoto huyo huyo anafika darasa la nne na kufundishwa kwamba wanyamapori ni urithi wetu. Wetu nani? Hilo ndilo swali analolimeza bila kuliuliza. Miaka ishirini baadaye atakuwa diwani, au ofisa wa ardhi, au hakimu, na swali litakuwa bado liko tumboni. Hotuba haitalitoa. Labda siku moja ya kutembea msituni nyuma ya askari wa hifadhi, huku askari huyo akimweleza kwa utulivu kwa nini mti huu umechubuliwa na nani amelala hapa jana, inaweza kuanza kulitoa.

Najua kuna watakaosema, kutembea Serengeti? Na simba? Hoja hiyo ni ya haki. Serengeti, yenye eneo la kilometa za mraba 14,763, ni nchi ya mbuga na wanyama wakali, na matembezi ya miguu humo hufanyika kwa utaratibu maalumu pamoja na askari wenye silaha. Hata ule msitu mzuri wa kando ya mto Grumeti, wenye mbega weusi kwa weupe, una mamba majini na nyati vichakani. Sipendekezi darasa la sita lipelekwe huko kwa miguu.

Napendekeza Rubondo.

Kisiwa cha Rubondo kipo kusini-magharibi mwa Ziwa Victoria, mkoani Geita. Kimekuwa hifadhi ya taifa tangu mwaka 1977. Hifadhi yote ina kilometa za mraba 456 hivi, karibu nusu yake ikiwa ni maji, na sehemu kubwa ya nchi kavu ni msitu. Hakuna simba wala chui. Tembo wapo, nao waliletwa kutoka bara, kwa hiyo askari mwenye bunduki ni lazima; viboko na mamba wapo ufukweni, kwa hiyo hakuna kuogelea. Lakini Rubondo ni hifadhi ambayo mgeni huiona kwa kutembea. Njia hupita chini ya mikuyu na mikwaju, hutokea penye mikindu, kisha hushuka hadi kwenye mafunjo ambako nzohe, swala wa majini mwenye kwato ndefu, hujificha huku maji yakimfika tumboni.

Mtoto wa Musoma ana haki ya pekee na mahali hapo, kwa maana maji yanayopiga ufukwe wa Rubondo ndiyo yanayopiga ufukwe wa Mwisenge. Baba yake au jirani yake ni mvuvi. Amekula sato, sangara na dagaa tangu alipoachishwa ziwa la mama. Lakini je, amewahi kuambiwa kwamba sangara si mwenyeji, kwamba aliingizwa katika ziwa hili kwenye miaka ya 1950 na mwanzoni mwa miaka ya 1960, na kwamba furu wa aina nyingi waliadimika au kutoweka kabisa baada yake? Katika maji ya Rubondo uvuvi umekatazwa, na samaki huzaliana humo pasipo kusumbuliwa na kokoro. Mwalimu akisimama na wanafunzi wake kwenye ukingo ule, awaonyeshe miti inayoinamia maji na vifaranga vya samaki vilivyojificha kwenye mizizi, atakuwa amefundisha sayansi, jiografia na uraia kwa nusu saa, na wala hatahitaji ubao. Kisha awaulize: ufukwe wa kwetu ulikuwaje kabla miti haijakatwa?

Na kuna hadithi ya sokwe, ambayo kila mwalimu anayekwenda huko yampasa aijue. Sokwe si wa asili ya kisiwa kile. Kati ya mwaka 1966 na 1969, Shirika la Wanyama la Frankfurt, chini ya Profesa Bernhard Grzimek, liliwaachia huru kisiwani sokwe wasiozidi ishirini. Walikuwa wamekamatwa wachanga Afrika Magharibi na kukulia katika vizimba vya Ulaya. Hakuna aliyewafundisha namna ya kutafuta chakula porini wala namna ya kufuma kiota cha kulalia juu ya mti. Walifunguliwa makasha, wakaingia msituni. Wakajifunza wenyewe, wakazaa, na uzao wao leo ni makumi. Nimepata kuwasimulia wanafunzi habari hii mara mbili, na mara zote mbili palikuwa na mtoto aliyeuliza swali ambalo sikuweza kulijibu: walijuaje tunda lenye sumu?

Sasa nije kwenye hofu, maana bila kuisema wazi nitakuwa nawadanganya walimu wenzangu. Mzazi anayekataa kutia sahihi barua ya ziara haogopi msitu. Anakumbuka tarehe 6 Mei 2017, kule Rhotia, Karatu, ambako basi la shule liliporomoka bondeni wakafa wanafunzi 32, walimu wawili na dereva. Anakumbuka pia tarehe 20 Septemba 2018, MV Nyerere ilipopinduka karibu na Ukara ikiwa imejaza kupita kiasi, wakafa watu zaidi ya 220 hatua chache kutoka gatini. Mimi mwenyewe nina watoto, nami nayakumbuka. Lakini tazama vifo hivyo vilitokea wapi: barabarani na majini, katika vyombo. Hatari ya ziara ya shule imo katika safari ya kwenda na kurudi. Yule anayejaza watoto sitini katika basi la watu wachache, akawaendesha kwenda na kurudi siku moja kwa sababu hakuna fedha ya kulala, ndiye anayewaweka hatarini, hata kama hakuna mtoto aliyekanyaga jani.

Kwa hiyo safari ninayoipendekeza ni ya watoto wachache na siku nyingi zaidi. Watoto ishirini na watano, walimu watatu, siku nne. Waondoke Musoma mchana, si alfajiri ya giza, na walale Mwanza katika shule rafiki. Siku ya pili wavuke kwa daraja la Kigongo–Busisi, lililofunguliwa mwaka 2025 na kuondoa kero ya kungoja kivuko, wapite Geita na kufika mapema gatini. Boti ipangwe na uongozi wa hifadhi, na kila mtoto avae jaketi okozi kabla hajakanyaga ubao wa boti, mwalimu akiwa wa kwanza kulivaa. Ziwa likichafuka, wasivuke. Wakae nchi kavu, safari iahirishwe, na mkuu wa shule asimwogope mtu kwa uamuzi huo.

Na kabla ya hapo wafundishwe kutembea. Jambo hili huonekana dogo, lakini mtoto wa leo hajui kutembea katika mstari akiwa kimya kwa nusu saa. Mazoezi yafanyike Butiama. Pale karibu na Mwitongo upo msitu mdogo wa Muhunda, ambao Wazanaki waliuhifadhi kwa heshima ya mizimu muda mrefu kabla ya sheria yoyote ya serikali. Aombwe mzee wa mahali hapo awatangulie, awatajie miti kwa majina ya Kizanaki, na mwenye bibi Mjita au Mkwaya akaulize nyumbani jina la mti huo huo. Watajifunza kuvaa raba badala ya malapa, kubeba maji yao wenyewe, na kuchomekea suruali ndani ya soksi penye siafu. (Somo la siafu hufundishwa mara moja tu, sijapata kuona mwanafunzi anayelirudia.)

Limebaki suala la gharama. Kiingilio cha mtoto wa Kitanzania katika hifadhi zetu si kikwazo. Ni kidogo mno kikilinganishwa na anacholipa mgeni. Kikwazo ni usafiri, na hapo ndipo haki inapopotea. Tangu Januari 2016 elimu ya msingi hutolewa bila ada, jambo jema lisilo na mjadala. Lakini ziara imebaki kuwa ya hiari, na hiari maana yake ni kwamba huenda mtoto wa mwenye duka, na mtoto wa mvuaji dagaa hubaki akifagia uwanja. Nimewaona watoto waliobaki wakisimama langoni mwa shule kulipungia basi mkono. Ofisa elimu anayeidhinisha ziara ya namna hiyo na aende siku hiyo akasimame nao.

Shirika la Hifadhi za Taifa limekuwa kwa miaka mingi likijenga madarasa, zahanati na visima katika vijiji jirani kwa jina la ujirani mwema. Tunashukuru. Lakini darasa lililojengwa na hifadhi halimfanyi mtoto aijue hifadhi. Sehemu ndogo ya fungu hilo ingetosha kuwasafirisha watoto wa shule kadhaa za Mara kila mwaka, na halmashauri za Musoma, Bunda na Butiama zingeweza kuchangia mafuta na dereva mwenye kuaminika. Klabu za Malihai, zilizoanzishwa mwaka 1980 kwa madhumuni ya namna hii hasa, zipewe kazi ya kuwaandaa walimu. Sera ya Elimu na Mafunzo, katika toleo lake la 2023, inasisitiza stadi na vitendo. Sioni kitendo kilicho rahisi kuliko kutembea.

Miezi ya kiangazi, Juni hadi Agosti, njia za kisiwani ni kavu. Kamati za shule zinazotaka kwenda wakati huo hazina budi kuandika barua kwa wahifadhi mapema, mwanzoni mwa mwaka, na kuitisha mkutano wa wazazi mwezi huo huo. Katika mkutano huo majina ya watoto ishirini na watano yapatikane kwa kura, vikaratasi vikichotwa kutoka ndani ya kikapu mbele ya macho ya wazazi wote, na orodha ya waliokwisha lipa isiletwe mezani.